Kabla Mafuta Hayajayeyuka

Tangazo la kwanza la Anastazia lilianza na shikamoo, na hapo hapo likafa.

Kundi la WhatsApp la mtaa wao wa Mandewa lina watu wa kila rika. Yumo Mzee Damiani, msimamizi wa kundi, ambaye alistaafu kazi kabla nusu ya wanakundi hawajazaliwa, na wamo vijana wa bodaboda wanaoandika maneno nusunusu. Sasa mtu kama Anastazia, mtu wa kufikiri, anaanzaje kuwaambia watu hawa wote kwa pamoja kwamba ana mafuta ya alizeti? Akiandika "habari zenu", Mzee Damiani ataonaje, naye ni wa kuamkiwa? Akiandika "shikamooni", vijana watacheka. Akaona awape kila watu salamu yao: shikamooni kwa wazee, habari kwa rika lake, hamjambo kwa vijana. Kisha akakumbuka kuna nyumba yenye msiba mtaani, na si vizuri kuuza mafuta juu ya msiba wa watu, akaweka pole. Akamshukuru msimamizi kwa kazi kubwa anayoifanya. Akaomba radhi kwa kuwasumbua. Mafuta yalikuja mwisho kabisa, chini ya yale maneno ya "soma zaidi" ambayo hakuna mtu aliyejisumbua kuyabonyeza.

Wa kwanza kujibu alikuwa Leonard, mdogo wa mumewe. Hakuandika, alituma sauti, ili watu wasikie na kicheko chake.

"Shemeji, hii ni barua ya posa au tangazo? Maana mahari yako tulishamaliza kulipa zamani."

Vichwa vya njano vinavyocheka hadi machozi vikamiminika. Hata Mzee Damiani aliweka kimoja, labda kwa bahati mbaya, maana kidole chake hakitulii. Anastazia alikuwa amechuchumaa kwenye chujio, mikono imelowa mafuta hadi viwiko, simu iko juu ya gunia la mbegu inaongea peke yake. Hakujibu. Lakini moyoni alijibu siku hiyo, akajibu kesho yake, na wiki nzima iliyofuata alikuwa bado anajibu, kila mara kwa maneno makali zaidi. Alitaka kumwona Leonard ameaibika mbele ya watu wale wale, kwenye kundi lile lile. Hakuwa amewahi kutaka kitu namna hiyo, hata mashine yenyewe hakuitaka hivyo alipokuwa anadunduliza kuinunua.

Mashine hiyo iko nyuma ya nyumba, kwenye banda la bati. Anastazia ndiye mwenye mali na ndiye anayejua mbegu ipi ikaangwe kiasi gani kabla ya kukamuliwa. Mumewe, Mughwai, anaiwasha na kuitengeneza ikigoma. Leonard alikuwa muuzaji wao, kwa sababu ana mdomo, na siku alipoondoka kufungua duka lake karibu na stendi aliondoka na namba za simu za wateja wote. Tangu hapo kila asubuhi anaandika kwenye kundi: "Mandewa mpo? Mafuta ya alizeti, bei ya kutupa, njoo na chupa tu." Ndiyo basi. Hamwamkii mtu, hampi pole mtu, na watu wanakwenda. Bei yake ilikuwa chini ya bei ya mbegu zenyewe, na Anastazia alishindwa kuelewa mtu anakamuaje alizeti kwa bei ile bila kulala njaa.

*

Jumatatu jioni Leonard alikuja nyumbani na kilo mbili za sukari. Alimwamkia mama yake, Bi Rebeka, aliyekuwa anaishi na Mughwai tangu azeeke, kisha akaketi kwenye kiti cha kaka yake bila kukaribishwa.

"Kaka, nimekuja kwa jambo la heri," alisema. "Ile mashine inakaa tu. Mbegu zimejaa stoo, mafuta hayatoki. Mimi nina wateja hadi nakimbiwa na usingizi. Niuzieni."

Anastazia alikuwa anamimina chai. Mughwai alitazama kikombe chake kama kina maandishi ndani.

"Shemeji mimi namheshimu," Leonard aliendelea, akiongea na kaka yake. "Kukamua anajua, hilo sikatai. Ila biashara ya siku hizi ni mdomo, na mdomo hana, si kosa lake. Mimi nitamwajiri hapo hapo kwenye mashine. Yeye anakamua, mimi nauza, mwisho wa mwezi anakula mshahara bila mawazo."

"Mama Flora, unasemaje?" Mughwai aliuliza, kwa jina la binti yao aliyekuwa shuleni.

Anastazia alikuwa na ya kusema. Shida ni kuyapanga. Akianza na namba za wateja zilizoibwa, mama mkwe ataumia, maana Leonard ni kitindamimba wake. Akianza na bei, ataonekana ana wivu. Akianza na tangazo, watacheka tena. Alipopata mwanzo mzuri wa sentensi, Leonard alikuwa ameshahamia kwenye habari za mpira.

"Si unaona kaka, hana neno," alisema baadaye akinyanyuka.

"Jumapili baada ya ibada tukae tumalize," Bi Rebeka alisema. "Ninyi ni watoto wa tumbo moja. Sitaki mashine iwatenganishe."

Uani, Anastazia alipokuwa anamsindikiza kwa sababu adabu inataka hivyo, Leonard alimgeukia. "Ukishakuwa mfanyakazi wangu shemeji, nitakufundisha kuandika matangazo. Bure."

Leonard alipoondoka, Anastazia alikiosha kikombe alichonywea, akakisuuza, akakiosha tena. Kisha akaingia stoo kutafuta lebo za kubandika kwenye madumu ya kesho, zile lebo za njano zenye ua la alizeti na namba yake ya simu. Fungu lilikuwa jembamba kuliko alivyoliacha.

"Baba Flora, lebo mbona zimepungua?"

"Labda panya."

"Panya wanakula lebo?"

"Panya wa siku hizi wanakula kila kitu," Mughwai alisema, akatoka kwenda kuangalia mkanda wa mashine ambao haukuwa na tatizo lolote.

*

Jumatano asubuhi Anastazia alipeleka mashudu, makapi ya alizeti, kwa mfuga kuku mmoja wa karibu na stendi. Ilikuwa Julai, na upepo wa Singida mwezi huo hauna huruma, unapita kwenye sweta kama sweta halipo. Alipita kwa Catherine, mama lishe aliyekuwa mteja wake kabla ya bei ya kutupa. Catherine alikuwa amelikata dumu mdomo kwa kisu na anachota mafuta kwa kijiko.

"Karibu mama Flora. Baridi gani hii, mpaka mafuta yanaganda."

Anastazia aliinama akatazama. Yalikuwa meupe, mazito kama uji uliolala.

"Catherine, alizeti inaganda?"

Catherine aliacha kuchota. Kila mtu Singida anajua kwamba alizeti haigandi kwa baridi ya kwetu, na Catherine alikuwa anajua pia. Ila mtu aliyepata bei nzuri huwa haulizi sana.

"Leonard alisema hii ni daraja la kwanza," alisema taratibu. "Ndiyo maana nzito."

Basi ndiyo ile bei. Mawese ya mapipa, yametiwa alizeti kidogo kwa ajili ya rangi na harufu. Anastazia alirudi nyumbani nusu akikimbia, kitu kama furaha mbaya kinamchemka kifuani. Alikaa kwenye banda, akafungua kundi, akaandika: "Ndugu zangu, bila kumtaja mtu."

Akasimama hapo. Bila kumtaja mtu, watu watamfikiria nani? Kuna mjane mmoja kule ng'ambo ya barabara anauza mafuta pia, mtu wa watu, atasingiziwa. Akaandika kwamba si yule mjane. Akaona amemtaja mjane kwenye habari za wizi, akafuta. Akaandika "mawese", akaogopa kuulizwa ushahidi, akaweka "mafuta mengine". Akakumbuka hajawaamkia wazee. Akawaamkia. Akarudia kusoma yote kwa jicho la Mzee Damiani, kisha kwa jicho la mama mkwe, kisha kwa jicho la mchungaji, ambaye wala hayumo kwenye kundi. Kila jicho lilimwondolea neno.

Alipopata maneno ambayo hakuna mtu angeyachukia, aliona yanahitaji picha. Akamwandikia Catherine amtumie picha ya dumu. Ikaja. Mafuta yalikuwa yanang'aa kwenye jua, ya dhahabu, safi, ungeyapigia picha ya harusi.

"Yameshayeyuka mama Flora," Catherine aliandika. "Leo jua limewahi."

Anastazia alifuta kila kitu. Alimchukia Leonard kwa mawese yake na akavichukia vidole vyake mwenyewe, vidole vinavyojua kuchambua mbegu mbovu gizani lakini haviwezi kubonyeza kitufe kimoja cha kijani. Alilia kidogo, mashine ikiwa inawaka, ili asisikike.

*

Hata hivyo kulia kulimsaidia kuona jambo moja. Mafuta ya Leonard yalikuwa yanasema kweli kuanzia alfajiri hadi jua linapopanda juu ya yale mawe makubwa ya upande wa mashariki. Baada ya hapo yanadanganya mpaka kesho. Ukiwa na neno, liseme kukiwa na baridi, au nenda kachuje mafuta yako unyamaze.

Alhamisi mawingu yalitanda na kukawa na joto. Ijumaa hivyo hivyo. Jumapili inakuja, na Mughwai alikuwa ameshaanza kusema "tukiuza" badala ya "tukisema tuuze". Anastazia aliomba baridi. Alipiga magoti akaomba baridi kali, sala ambayo hakumwambia mtu, na hakuona haya kuiomba.

Jumamosi alfajiri upepo ulipiga bati hadi likalia. Alitoka na kanga kichwani. Maji ya pipa yalimng'ata vidole. Dumu lake mwenyewe, alilolilaza nje makusudi, lilikuwa wazi na jepesi kama maji ya kunywa. Akaingia bandani, akakaa juu ya gunia, akafungua simu.

Wazee kwanza, kichwa kilimwambia.

"Wazee wataamka wenyewe," alikijibu kwa sauti.

Akaandika: "Leo ni baridi. Nenda jikoni uangalie dumu lako la mafuta. Alizeti haigandi. Mimi Anastazia, mwenye mashine." Akabonyeza kabla hajarudia kuusoma ujumbe. Kisha akaitupa simu kwenye gunia la pili na kukaa mbali nayo.

Halafu simu ikatetemeka. Kijana mmoja wa bodaboda alikuwa ametuma picha ya chupa yenye mafuta meupe yaliyoganda, imesimama kichwa chini na haimwagiki. Ikaja nyingine, ya sufuria. Mtu akaandika, "Hii ya Leonard." Mwingine, "Na mimi ya Leonard." Mzee Damiani alituma picha ya dole gumba lake na nusu ya kikaango, na chini yake kwa herufi kubwa: NIMENUNUA KWA LEONARD JUMATANO. KUMBE.

Anastazia alicheka peke yake bandani. Ilikuwa tamu, hakuna namna nyingine ya kulisema. Alizisoma picha moja moja na kuzirudia, kama anavyokula mtu aliyekosa chakula siku nyingi. Leonard alipotuma sauti yake, "Jamani, baridi hii hata maji yanaganda," hakuna aliyemwekea hata kichwa kimoja cha kucheka.

Kisha ikaja picha ya Catherine. Dumu la lita tano, mafuta meupe hadi shingoni. Juu yake lebo ya njano, ua la alizeti, na namba ya simu ya Anastazia.

"Mama Flora, baada ya yale ya Jumatano nikaamua kurudi kwako. Hili nimelinunua duka la pembeni, lina jina lako. Mbona nalo?"

Leonard hakuchelewa. "Haya sasa," sauti yake ilisema, na kicheko kimerudi. "Aliyeanzisha ajibu. Tunamsubiri shemeji aandike barua."

Na vile vichwa vya njano navyo vikarudi, kimoja, viwili, halafu kundi zima.

*

Mughwai alikuwa mezani anakunywa chai na mama yake. Anastazia aliingia na viatu vyenye matope ya mashudu, jambo ambalo halijawahi kutokea katika nyumba ile, akamwekea simu mbele ya kikombe.

"Panya," alisema.

Mughwai alitazama picha. Hakuishika simu.

"Baba Flora, nakuuliza. Ni panya yupi?"

"Aliniomba," Mughwai alisema. "Alisema anataka kumwonyesha mchapaji, atengenezewe zake. Ni mdogo wangu, ningemnyima karatasi?"

"Karatasi zote zile za kumwonyesha mchapaji?"

Mughwai alikigeuza kikombe mkononi.

"Ulijua anazibandika wapi?"

"Nilijua baadaye." Alisugua uso. "Ana wateja wagumu, wanaotaka ya Mama Flora tu. Nikaona Jumapili tunauza, mambo yataisha yenyewe."

Simu ilikuwa inatetemeka mezani bila kupumzika. Mtu anauliza kama kuna yeyote wa kuaminika mtaani. Mtu anasema wote ni familia moja, lao moja. Dirishani jua lilikuwa limeshagusa ncha ya paa la jirani. Anastazia alisikia mawazo yake yanakuja, yote, yamejipanga kama kawaida: jina la mume, machozi ya mama mkwe, kanisani kesho watakaaje benchi moja, Flora ataambiwa nini shuleni. Akayatambua. Yalikuwa mawazo yale yale yaliyokaa naye siku zile za kutafuta salamu ya vijana na ya wazee, na hayakuwa yamepata akili yoyote mpya tangu siku hiyo.

Aliandika akiwa amesimama. "Lebo ni yangu. Mafuta si yangu. Lebo alizitoa mume wangu Mughwai akampa mdogo wake Leonard. Mwenye dumu lililoganda lenye jina langu alilete kwangu sasa hivi, kabla halijayeyuka, nampa jingine bure. Njooni muone wote."

Simu ya Mughwai ikalia kwenye mfuko wa shati. Naye yumo kwenye kundi. Aliitoa akasoma taratibu, midomo ikicheza.

"Umeniandika jina," alisema.

"Nimekuandika."

"Ungeweka tu mtu wa nyumbani."

"Ningeanza hivyo, ningekuwa bado naandika."

Bi Rebeka alisema kitu kwa Kinyaturu, kwa sauti ya chini, na Anastazia alijifanya hajasikia ingawa alikisikia vizuri. Kisha kikongwe akanyanyuka, akaingia chumbani kwake, akarudi na chupa ndogo aliyoletewa na Leonard siku ya sukari, mafuta ya kujipaka miguu na kuungia mboga. Aliigeuza kichwa chini juu ya meza. Hakikudondoka kitu.

"Na mimi," alisema, safari hii kwa Kiswahili, ili asiwepo wa kujifanya hajasikia. "Hata mimi mama yake." Akaketi, akaivuta chai yake karibu, na hakumtazama tena Mughwai.

*

Walikuja. Alianza Catherine, dumu kiunoni kama mtoto, akafuata mwenye duka la pembeni na mikokoteni miwili ya madumu na aibu, kisha wengine hata wasio na lebo ya Anastazia, wanaotaka tu kuona. Anastazia aliyapanga madumu mabovu kwenye benchi upande wenye kivuli na kuwapa watu mazima. Alikuwa anapata hasara na alijua, lakini hakuna pesa aliyowahi kuitumia kwa moyo mweupe kama ile. Madumu manne aliyachagua, akayafungia stoo, ufunguo akauingiza kifuani.

Leonard alifika kwa bodaboda. Aliwapita watu bila kuwatazama, akamkuta Anastazia mlangoni pa banda.

"Shikamoo shemeji," alisema.

Tangu Anastazia aolewe katika nyumba ile, Leonard hakuwahi kumwamkia hata siku moja.

"Marahaba."

"Shemeji, naomba ufute zile meseji. Watu wamejaa dukani kwangu, wanadai, mwingine amenishika shati." Alishusha sauti. "Tuyamalize ndani. Sisi ni familia."

"Sifuti."

"Wewe si mtu wa hivi."

"Ndiyo, sikuwa."

Leonard alitazama angani, kidogo tu, upande wa mawe. Anastazia aliliona jicho lake lilikokwenda.

"Yatayeyuka," alimwambia. "Haya ya kwenye benchi yatayeyuka sasa hivi na utapata cha kusema. Mengine nimeyafungia. Kesho alfajiri kutakuwa na baridi tena, na keshokutwa. Bwana afya nimeambiwa anaamka mapema."

Leonard alikaa kwenye kigoda cha kuchujia bila kuambiwa, suruali yake ya kitambaa ikaingia kwenye mafuta. "Basi mashine sitaki tena," alisema. "Mwambie kaka, yameisha."

"Mashine haikuwa yako hata uikatae. Toa simu. Andika kwenye grupu ulichofanya."

"Niandike nini?"

"Wewe ndiye mwenye mdomo."

Aliandika haraka, kama alivyozoea, akanyoosha mkono kumwonyesha. "Jamani samahani kwa usumbufu uliojitokeza."

"Usumbufu haujitokezi wenyewe," Anastazia alisema. "Futa."

Akafuta. Watu walikuwa wamesogea, wameshika madumu yao mapya, na hakuna aliyekuwa na haraka ya kwenda kupika. Leonard aliandika tena, polepole zaidi: kwamba yeye Leonard alichanganya mawese kwenye alizeti, akabandika lebo za shemeji yake, akawauzia watu. Jasho lilikuwa linamtoka na upepo ule ule unapuliza. Anastazia alisoma hadi mwisho, akarudia.

"Hii ni nzuri," alisema. "Sasa rudi mwanzo. Wazee hujawaamkia."

Leonard aliinua kichwa. "Shemeji."

"Mzee Damiani yumo, yeye ni wa kuamkiwa. Rika lako wape habari, vijana uwaulize hamjambo. Kuna nyumba ina msiba, hujawapa pole. Na msimamizi hujamshukuru kwa kazi yake."

Wa kwanza kucheka alikuwa Catherine, kwa mkono mdomoni. Halafu wengine, na hawakuziba midomo. Leonard alimtafuta mama yake kwa macho, akamwona amesimama kwenye mlango wa jikoni, mikono ndani ya kanga.

"Andika mwanangu," Bi Rebeka alisema. "Wazee tuko wengi."

Mughwai alitoka ndani, akapita katikati ya watu akitazama chini, akaingia bandani na kuwasha mashine bila kuagizwa na mtu. Mkewe hakumgeukia. Zamu ya Mughwai ilikuwa inakuja, naye alijua, ndiyo maana alikuwa anajaza mbegu kwa bidii ile.

Leonard aliwaamkia wazee. Akawajulia hali rika lake na vijana, akawapa pole wafiwa, akamshukuru Mzee Damiani, akaomba radhi kwa kuwasumbua, kidole kikiteleza kwa mafuta na yeye anarudia kila neno. Alipofika kwenye mawese jua lilikuwa limepanda juu ya mawe, na madumu ya kwenye benchi yalianza kugeuka dhahabu kuanzia chini. Anastazia hakuyatazama. Alikuwa ameinama juu ya bega la shemeji yake, anasoma, na moyo wake ulikuwa umetulia vizuri.

"Anza upya," alisema. "Mawese umeyaweka chini mno. Hakuna mtu atakayebonyeza soma zaidi."